Kulala kwenye hema kipupwe cha huku kwetu Nyanda za Juu: anza na cha kutandika

Kamwene wadau. Kipupwe ndo kimeingia hivo, na kila mwaka ikifika Juni naanza kupokea simu zile zile, kaka tunataka kwenda hifadhi ya Kitulo tulale huko huko kwenye hema, kaka tunapanda Mlima Rungwe wikiendi hii tubebe nini tusigande. Nimeshajibu mmoja mmoja mpaka nimeona niandike yote sehemu moja mwenye haja asome, maana hii kitu naipenda na inaniuma nikiona mtu ameenda mara moja tu, kateseka usiku kucha, afu anaapa harudi tena. Baridi ya huku kwetu inalalika kabisa ila ina utaratibu wake.

Niwaambie kilichonifungua macho. Mara ya kwanza nalala Kitulo ilikuwa Julai, tuko wanne, hema mbili, na tulijua tumejipanga, kila mtu ana mablanketi mawili mazito, koti, mzula, glavu. Chini tumetandika turubai na juu yake shuka, basi. Saa saba usiku hakuna aliyelala. Kifua kina joto, miguu afadhali, lakini mgongo na nyonga unahisi kama umelazwa juu ya bati, unageukia upande huu dakika tano umeganda, unageukia upande wa pili hivo hivo, mpaka kunakucha. Tunatoka nje majani yote meupe pe, na maji tuliyoacha kwenye sufuria yameweka utando wa barafu mwembamba kama kioo cha taa ya chemli. Tukashuka hadi Matamba midomo imepasuka, tukakaa kwa mama mmoja anauza chai na viazi vya kuchemsha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmelala wapi nyie mbona mnatetemeka hivo?"

"Kule juu mama, kwenye hema. Tumejifunika mablanketi mawili mawili lakini wapi."

"Mnaniambia mlichojifunika. Mlitandika nini?"

Tukaangaliana. Mama akatuelezea kwamba enzi za usichana wake walikuwa wanalala shambani kulinda viazi visiliwe na nguruwe pori, wanakusanya majani makavu yanafika magotini ndo wanaweka mkeka, na juu blanketi moja tu, na walikuwa wanalala usingizi mpaka jogoo. Hilo swali la mlitandika nini nimelibeba mpaka leo na ndo la kwanza namuuliza kila anayenipigia simu.

Joto linakwenda wapi

Kitu cha kwanza kuelewa, hema halina joto, blanketi halina joto, slipingi begi haina joto. Joto ni lako mwenyewe, linatengenezwa na mwili wako kutokana na ulichokula, hivyo vitu vingine kazi yake ni kulizuia lisiondoke. Na linaondoka kwa njia nne, ardhi inalinyonya pale unapoigusa, upepo unalipeperusha, unyevu na jasho vinalitoa vikikauka mwilini, na usiku anga likiwa jeupe halina wingu linapanda tu juu linapotea, ndo maana usiku wenye nyota nyingi Kitulo ni usiku wa barafu.

Sasa blanketi linazuia joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi zake. Ukililalia, uzito wako unalibana, hewa inatoka, linabaki kitambaa tu. Hata slipingi begi ya bei mbaya, ule upande wa chini unaoulalia haukusaidii chochote cha maana. Kwa hiyo unaweza kujifunika mablanketi manne na ardhi ikakumaliza kwa chini taratibu usiku mzima. Mimi kanuni yangu ni rahisi, ukiwa na hela kidogo itumie kwanza kwenye cha chini, ukiwa na mablanketi matatu mawili yakunje yaende chini.

Na mahesabu ya baridi yenyewe ni haya, kadiri unavyopanda kila mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 hivi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 na kilele cha Rungwe ni karibu mita 2,960. Maana yake kama usiku pale Uyole unahisi kuna nyuzi 6 na unalala na blanketi zito ndani ya nyumba ya matofali, Kitulo usiku huo huo unategemea sifuri au chini yake, na wewe ukuta wako ni kitambaa.

Afu baridi zenyewe hazifanani. Kitulo kipupwe ni baridi kavu, mchana jua kali, usiku barafu. Rungwe na upande wa Tukuyu, na Mufindi kule kwenye mashamba ya chai, ni baridi ya ukungu na manyunyu, kipimo kinaweza kisome nyuzi 8 lakini kila kitu kimelowa na hiyo inakutafuna kuliko sifuri kavu. Ukienda Kitulo wakati wa maua, Novemba mpaka Aprili, barafu huioni sana ila mvua utaipata ya kutosha, kwa hiyo hapo vita yako ni kubaki mkavu tu.

Kutandika sasa

Ukiwa na uwezo nunua ule mkeka mgumu wa povu wa kambi, ule unaokunjwa kama rola, haunyonyi maji na haubaniki ukilala. Usipoupata, mkeka wa yoga wa milimita 10 unafaa, miwili mmoja juu ya mwingine ndo mizuri zaidi. Godoro la sponji la kawaida la nchi mbili au tatu nalo zuri kama mna gari, shida yake likilowa ndo basi tena. Godoro la kujaza upepo yani lile la plastiki la ufukweni usilete huku, ndani ni hewa tupu inazunguka, inachukua baridi ya ardhi inakuletea mgongoni, nimeona watu wanalala juu ya hewa ya nchi nane na bado wanaganda. Ukiwa nalo tayari basi weka blanketi au mkeka juu yake, kati yako na godoro.

Kwa wasio na hela ya vifaa, na wengi wetu ndo tuko hapo, njia ni maboksi na viroba. Nenda dukani omba maboksi makubwa, yafungue yawe bapa, unahitaji safu tatu mpaka nne, yapange yapishane ili maungio yasikutane sehemu moja. Chini yake turubai au nailoni kuzuia unyevu, bila hiyo nailoni boksi litanywa maji ya ardhi na saa tisa usiku umelalia uji.

Viroba ndo napenda zaidi. Chukua viwili vya kilo 50, vile vya sandarusi vilivyobebea mahindi au mbolea, vioshe vikauke kabisa, jaza majani makavu au maganda makavu ya mahindi au maranda ya fundi seremala. Usijaze mpaka kikavimba kama mpira, jaza robo tatu, shindilia kwenye pembe, fumba mdomo kwa kushona na kamba ya katani ukiwa umekunja mara mbili, afu kilaze chini ukikanyage kanyage kwa magoti mpaka kiwe na unene wa kiganja kimesimama. Kimoja kinakaa mabegani mpaka kiunoni, kingine kiunoni mpaka magotini. Miguu haina uzito mkubwa, hapo begi lako la mgongoni ukilitoa vitu linatosha. Ukilala mara ya kwanza kinalia chakacha chakacha, baada ya dakika kumi kimeshakaa umbo lako na unaanza kuhisi joto lako mwenyewe linakurudia mgongoni. Angalizo, majani jaza nyumbani au omba kijijini. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kung'oa wala kukata mmea wowote, Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili hasa ya mimea na maua yake, wenyewe wanaiita Bustani ya Mungu, sasa usiende kuilalia bustani.

Lile pazia la kung'aa la kukinga jua kwenye kioo cha gari nalo usiliache kwenye gari, litandaze juu ya maboksi upande wa kung'aa ukutazame wewe. Peke yake halitoshi ila likiongezwa juu ya vingine unaliona tofauti yake.

Pa kusimika hema

Hewa ya baridi ni nzito, inateremka kama maji na kujaa mabondeni. Lile bonde zuri la nyasi tambarare kando ya kijito ambalo kila mtu anatamani kusimika, ndo hapo asubuhi barafu inakuwa nene. Panda kidogo, hata mita 20 au 30 juu ya bonde, tafuta kituta kisicho kileleni, kwa sababu kileleni nako upepo utakuchapa. Katikati ya mteremko, pametulia, nyuma yako kuna kichaka au mwamba, hapo ndo penyewe.

Kipupwe upepo mwingi unatoka kusini mashariki, ndo huo kusi. Upande mwembamba wa hema uelekeze huko na mlango uangalie upande wa pili. Kama kuna miti lala karibu nayo, chini ya matawi barafu inashuka kidogo kuliko uwandani wazi, ila inua kichwa uangalie kama kuna tawi kavu linaning'inia. Na kabla jua halijazama angalia ukingo wa mlima ulio mashariki yako, ukiwa mrefu sana jua la asubuhi litachelewa kukufikia kwa saa nzima au zaidi, na saa hiyo moja ya asubuhi ndo baridi kuliko zote.

Simikeni mapema. Saa kumi jioni hema iwe imesimama, matandiko yako ndani, kuni zimekaa, maji yamechotwa. Ukianza kuhangaika na mambo ya hema saa moja usiku vidole vimekufa ganzi, kila kitu kitakushinda.

Hema lenyewe na unyevu wake

Hema dogo linalowatosha nyie tu ndo la joto, hema la watu sita mkilala wawili mnapasha hewa ya bure. Na mkiwa wawili laleni karibu karibu, begi na vitu vyote vipangeni kuzunguka kuta ziwe kama kinga.

Kosa ninaloliona kila safari ni watu kufunga zipu zote na matundu yote eti joto lisitoke. Pumzi yako ina maji, watu wawili usiku kucha mnatoa maji mengi tu, yakigusa kitambaa cha baridi yanakuwa matone, matone yanawadondokea, mablanketi yanalowa, na blanketi lililolowa ni adui. Acha kitundu cha juu wazi na mlango wazi kidogo kwa juu upande usio na upepo. Utahisi kama unapoteza joto lakini utaamka mkavu, na mkavu ndo mwenye joto. Kwa sababu hiyo hiyo usizamishe kichwa ndani ya slipingi begi ukapumulia humo, vaa mzula, zungushia skafu shingoni, acha pua na mdomo nje. Nguo zilizolowa jasho au mvua zisilale ndani na nyie, ziweke kwenye mfuko wa nailoni ufungwe.

Kamba za hema zikaze mpaka kitambaa cha nje kisigusane na cha ndani, vikigusana tu maji yanapita.

Nguo, na jinsi ya kuchagua mitumba

Pamba ni nzuri Dar, huku mlimani usiku ni tatizo. Fulana ya pamba ikinywa jasho haikauki, inakaa mwilini inakunyonya joto. Jinzi ndo mbaya zaidi, ikilowa inakuwa bati. Unataka sufu, au flisi, au zile fulana za mazoezi za poliesta.

Sokoni Mwanjelwa pale Mbeya sweta za sufu za mitumba zipo nyingi kwa bei ya kawaida, shida ni kwamba nyingi zinaonekana sufu na sio sufu. Angalia lebo, na kama imekatwa nunua tu moja kwanza, uvute uzi kidogo kwenye mshono wa ndani, uende nao pembeni uuchome na kiberiti. Sufu inaungua kwa shida, inanuka nywele zilizoungua na inaacha majivu meusi yanayopondeka mkononi. Pamba inawaka haraka na inanuka karatasi. Poliesta inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Ikinuka nywele rudi ununue zingine.

Vaa kwa tabaka. Mwilini fulana ya poliesta na taitsi, juu yake sweta, juu tena flisi au jaketi lenye manyoya, na kabisa nje koti lisilopitisha upepo. Kikubwa wakati wa kupanda ni kuvua mapema. Rungwe watu wanaanza kupanda wamevaa makoti kwa sababu asubuhi ni baridi, nusu saa baadaye wamelowa chapa, wakifika juu wakisimama lile jasho linageuka baridi. Anza safari ukiwa unahisi kabaridi kidogo, ndo sawa.

Nguo za kulalia ziwe zake peke yake. Soksi kavu, taitsi kavu, fulana kavu, ziko kwenye nailoni na hazivaliwi mchana hata iweje. Soksi zisikubane, ukivaa jozi tatu za kubana damu haishuki vidoleni na miguu inaganda zaidi, bora jozi moja nene iliyolegea.

Slipingi begi kama unanunua angalia lebo, huwa kuna namba mbili au tatu. Usinunue kwa ile namba ya chini kabisa iliyoandikwa 'extreme', hiyo ni ya kutokufa sio ya kulala. Soma ile ya 'comfort', na kwa Kitulo kipupwe tafuta inayosoma sifuri au chini. Ukikosa, chukua mablanketi mawili uyashone upande mmoja na chini kwa uzi mnene liwe gunia, blanketi la wazi ukigeuka linafunguka na hewa inaingia, la gunia linageuka na wewe. Likung'ute vizuri kabla ya kuingia lijae hewa.

Chupa ya maji ya moto

Hii ni kitu ndogo lakini ndo inayofurahisha watu kuliko zote. Kabla ya kulala chemsha maji, jaza kwenye chupa ya chuma ya tabaka moja, sio ya chai ile inayozuia joto, au chupa ya plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa maji ya moto. Chupa za maji za dukani ukitia maji yanayochemka zinajikunja na kuvuja. Kaza mfuniko, igeuze juu chini uhakikishe haitoi tone, ivishe soksi nene ili isikuunguze, iweke kwenye blanketi dakika kumi kabla hujaingia. Ukishaingia iweke katikati ya mapaja, pale kuna mishipa mikubwa ya damu na damu inayopita hapo inapata joto na kwenda nalo hadi miguuni. Ukipenda baadaye isukume kwa mguu iende kwenye nyayo. Alfajiri maji bado ni vuguvugu na unayachemshia chai haraka.

Kula, kunywa, kojoa

Mwili ni jiko na chakula ndo kuni. Usilale na njaa eti umechoka. Usiku kula ugali au viazi na kitu chenye mafuta, karanga, parachichi, nyama, maana mafuta yanaungua polepole yanafika asubuhi. Mimi huwa naweka karanga za kukaanga kichwani pangu, nikiamka saa nane nasikia baridi natafuna konzi mbili na baada ya muda joto linarudi. Maharage na makande chemsheni nyumbani mje nayo yameiva, kule mita 2,600 maji yanachemka kwenye nyuzi kama 91 sio 100, maharage yatakula kuni zenu zote na bado magumu.

Kunywa maji na chai ya tangawizi hata kama husikii kiu, watu wanajinyima maji eti wasiamke usiku kukojoa, mwili ukikaukiwa damu haizunguki vizuri na vidole ndo vinaumia. Na ukishikwa na mkojo usiku nenda, kaka yangu dada yangu, usijikunyate masaa mawili unajidanganya utalala. Weka gamboti na koti mlangoni, toka rudi.

Kuhusu pombe nitasema wazi. Ulanzi wa Iringa na Njombe ni mtamu, naujua, ila unywe ukishashuka. Pombe inafungua mishipa ya kwenye ngozi, damu ya moto inakuja juu ndo unahisi umechemka, kumbe joto la ndani ndo linatoka hivo linaisha.

Jiko lisiingie ndani ya hema

Hapa naomba usome taratibu. Usiingize jiko la mkaa kwenye hema. Hata dakika tano, hata limeshakuwa makaa mekundu yasiyo na moshi, hata ukiacha mlango wazi. Mkaa unaoungua unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Inashika damu mahali ambapo oksijeni ilitakiwa ikae. Unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea, unahisi usingizi mtamu, na hapo ndo watu hawaamki. Huku kwetu tunazijua habari hizi, za watu waliolala na jiko chumbani msimu wa baridi wakakutwa asubuhi, na hicho ni chumba, hema ni dogo zaidi mara nyingi. Jiko la gesi na la mafuta ya taa nayo ni hivo hivo, na mshumaa ukianguka kitambaa cha hema kinawaka na kuyeyuka kabla hujapata zipu.

Ukiwa kambini kiongozi wewe ndo wa mwisho kulala, pita kila hema uhakikishe. Najua kuna mwenzenu atasema kwao wanalala nalo kila siku hakuna shida, usibishane naye, lichukue jiko ulimwagie mchanga. Na ukikuta mtu kichwa kinauma na analegea kwenye hema lililokuwa na moto, mtoe nje kwenye hewa haraka, na mpelekeni hospitali hata akisema amepata nafuu.

Moto wa kuota uwe nje, mbali na hema hatua kumi na zaidi, sehemu inayoruhusiwa, umezungushiwa mawe makavu. Mawe ya mtoni usiweke, yana maji ndani yanapasuka. Kuanzia Julai nyasi za huku zimeshakauka na moto mmoja unachoma mlima mzima, mwagia maji mpaka majivu uyashike kwa mkono.

Kumtambua aliyezidiwa

Kutetemeka ni kawaida, mwili unajipasha. Shida inaanza mtu akishindwa kufunga zipu, anaongea kama amelewa, anajikwaa, amekuwa mkali au kimya bila sababu. Na akiacha kutetemeka huku bado ana baridi sana, hiyo ni hatari kubwa. Mtoeni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, wekeni vitu vingi CHINI yake, mfunikeni pamoja na kichwa, mtu mmoja mwenye joto aingie naye kwenye blanketi. Kama anajielewa na anameza vizuri mpeni chai ya moto ya sukari nyingi. Msimsugue mikono na miguu, msimpe pombe, msimkalishe ghafla karibu na moto mkali, na mtafute usafiri wa kumshusha hospitali. Watoto wadogo wanapoa haraka kuliko sisi na hawasemi, mimi mtoto chini ya miaka mitano silali naye Kitulo kipupwe.

Vidogo vidogo

Simu na betri za tochi lala nazo ndani ya blanketi, baridi inaua chaji, asubuhi utakuta simu iliyokuwa na asilimia 60 imezima. Vile vikopo vidogo vya gesi vingi ni butani, na butani ikifika karibu na sifuri haitaki kuwa hewa, unawasha moto unakuwa kama wa mshumaa, kwa hiyo kikopo nacho kilale na wewe kimefungwa vizuri bila jiko lake. Viatu viweke ndani ya hema kwenye mfuko. Kabla ya kuingia kulala piga skwati ishirini au tembea haraka kuzunguka kambi, uingie kwenye blanketi ukiwa na joto ila hujatoka jasho, maana ukiingia umeganda blanketi litakutunzia huo ubaridi wako.

Njia za kufika Kitulo ni kupitia Chimala ukapanda zile kona hamsini na saba mpaka Matamba, au kupitia Isyonje kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Vyovyote ulivyopita fika mchana, na ukilala hifadhini ripoti getini ulipie na uwaulize askari wa hifadhi wapi pa kusimika, wanajua mabonde yanayoshika barafu kuliko yeyote.

Asubuhi usikurupuke. Vaa sweta ukiwa bado ndani ya blanketi, nguo za mchana uwe umezilalia miguuni zipate joto, washa maji ya chai ukiwa umekaa mlangoni nusu ya mwili ndani. Jua likigonga hema lifungue lote, geuza mablanketi nje ndani, yaanike kwenye kamba mpaka mvuke uishe. Kama mnaondoka kabla halijakauka likunje hivo hivo, ila ukifika nyumbani siku hiyo hiyo litandaze uani au sebuleni, viroba mwaga majani yake uvianike, vinakufaa safari ijayo.